Ungo wa Maharage Mlangoni

Nianze kwa kusema wazi kwamba sikuwapenda wanafunzi wangu wa kwanza. Walimu wakizeeka hupenda kujisifu kuwa waliwapenda wote kama watoto wa kuwazaa. Mimi wangu walinikondesha. Kuna asubuhi nilizisikia kelele zao nikiwa bado nyumbani, ng'ambo ya shamba la ulezi, nikamwomba Mungu kengele iwe imeibwa.

Ilikuwa enzi ya Mwingereza, miaka michache baada ya vijana wetu kurudi kutoka vita vya Burma. Shule ilikuwa chumba kimoja cha fito na udongo, paa la nyasi, na baraza nyembamba upande wa mlango. Kutoka pale hadi Igamba ulikuwa mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu. Nilikuwa na watoto arobaini na saba, darasa la kwanza hadi la nne, wote mle ndani, na mwalimu mmoja, ndiye mimi. Wadogo waliandika mchangani kwa vidole. Wakubwa waligawana sleti tisa, vile vibao vya mawe vya kuandikia, mbili kati yake zimepasuka.

Chuoni mkuu wetu, Mzungu mpole asiyeisha kikohozi, alikuwa ametuandikisha kwenye madaftari kwamba mwalimu hodari hahitaji fimbo. Huyapanga mambo ya darasa lake mpaka mtoto mwenyewe atake kutulia. Sentensi ile niliipigia mstari mara mbili. Baadaye nilitamani mkuu yule aletwe akae nami wiki moja tu, hasa ile wiki ya mvua za kwanza, kumbikumbi walipotoka. Nilikuwa naeleza nusu na robo. Niligeukia ubao kwa muda wa kuandika mstari mmoja, na nilipogeuka tena darasa lilikuwa tupu. Wote arobaini na saba walikuwa nje wakikusanya kumbikumbi kwa vikapu, kwa pindo za nguo, na wengine kwa sleti zangu. Walirudi wakitafuna. Mmoja aliniletea konzi nzima kwa mikono miwili, kwa heshima zote, nami kwa hasira nikakataa. Hadi leo najuta, maana nilikuwa na njaa.

Lakini kumbikumbi huja mara moja kwa mwaka. Yule mkubwa alikuwepo kila siku.

Namwita mkubwa kwa sababu ndivyo watoto walivyomwita. Alikuwa darasa la nne na ndevu zimeanza kumchungulia kidevuni, kwa kuwa babu yake aliyemlea alimchungisha ng'ombe miaka mingi kabla ya kumleta shule. Debe tupu haliachi kuvuma, wanasema. Huyu alikuwa debe lililojaa na bado likavuma. Nikiandika hesabu ubaoni, jibu alikuwa nalo kabla chaki yangu haijafika mwisho wa swali. Hapo ndipo taabu ilipoanza, kwa sababu sasa alikuwa na muda mwingi na hana la kufanya. Aliniiga. Aliiga ninavyotembea, ninavyopangusa chaki kwenye suruali, na zaidi ya yote ninavyosema "Tuendelee." Kumbe nilikuwa nalisema neno hilo kila baada ya dakika mbili, na kwa sauti ya puani. Sikujua mpaka nilipolisikia likitoka kwenye benchi la nyuma, limefanana na langu kabisa, na darasa zima likavunjika mbavu.

Nilijaribu kila dawa. Nilimchapa, akanishukuru kwa adabu, akarudi kukaa. Nilimpeleka kulima shamba la shule. Akatunga wimbo wa kulimia, na kesho yake watoto sita walifanya makosa makusudi ili nao wapelekwe. Nilimhamisha benchi, akaliharibu benchi jipya. Nikakumbuka daftari la chuoni, nikamfanya kiranja. Siku ya tatu nilimkuta ameanzisha baraza la kuhukumu wadogo, na mtoto mmoja wa darasa la kwanza alikuwa akilia kwa kuwa amehukumiwa kifungo cha miaka kumi. Na siku moja nilitia mkono kwenye kopo la chaki nikamshika kinyonga. Kwetu kinyonga si mnyama wa kushikwa. Niliruka, nikapiga ukelele ambao mwanamume mwenye cheti hapaswi kuupiga, na maji yakanifika shingoni.

Pamoja na hayo yote nilimhitaji. Shule yetu haikuwa imewahi kupeleka mtoto hata mmoja darasa la tano. Mkaguzi angekuja mwezi wa saba, awapime wa darasa la nne kwa hesabu za kichwa, na kuandika majina ya watakaoruhusiwa kufanya mtihani. Kwa umri wake, mwaka ule ulikuwa wa mwisho kwa yule mkubwa. Mwakani wasingempokea popote. Babu yake alishaniambia bila kuzunguka kwamba mjukuu asipoandikwa atavuka mpaka pale Tunduma aende kwenye machimbo ya shaba, kama walivyokwenda baba yake na baba zake wadogo, ambao hawakurudi. Mzee alisema, "Mwalimu, huyu nimekuachia wewe." Nami nikamjibu asiwe na shaka.

Sasa nieleze niliyoyagundua. Ilikuwa asubuhi ya baridi, mkubwa amesimama juu ya benchi akiniiga ninavyopangusa chaki, kwa chaki ya uongo kwenye kaptula yake, wenzake wanagaragara kwa kicheko, nami nimeinua fimbo. Ghafla alinyamaza. Alishuka, akajikunja chini ya benchi, akafunika uso kwa mikono. Darasa lote likanyamaza naye. Nilitazama mlangoni nikaona mwanamke anapita njiani na kikapu kichwani, basi. Alipopotea nyuma ya migomba, yule kijana alitoka akiwa na vumbi magotini, na hakucheza tena asubuhi ile.

Alikuwa mama mkwe wake. Jembe la posa lilikuwa limepelekwa na kupokelewa baada ya mavuno ya mwaka uliotangulia. Na kwetu, jembe likishapokelewa, kijana na mama mkwe hawaonani. Wakikutana njiani kijana huingia porini, na mama hufunika kichwa na kugeuka. Hawatajani majina. Kijana hatoi sauti mahali mama yule anapoweza kuisikia, maana ni kama kumvua nguo. Hayo hayafunguliwi mpaka baada ya harusi, siku kijana anapompelekea mbuzi na nguo. Sisemi kama mgeni. Mimi mwenyewe nilimkimbia mama mkwe wangu miaka miwili, na siku moja nililala kifudifudi ndani ya mahindi yake, siafu wakipanda mguuni, mpaka alipomaliza kuchuma mboga.

Kwa hiyo nilijua nilichokuwa nakifanya. Msomaji asinitafutie udhuru.

Maharage ya shamba la shule yalikuwa yamepigwa, yamelundikwa barazani pamoja na makapi yake. Nilikwenda kwa yule mama. Alikuwa mjane, na mwaka ule panya walikuwa wamemmalizia ghala. Nikamwambia shule inataka mtu wa kupepeta, siku tatu, na ujira wake ni madebe mawili ya maharage. Alifurahi. Halafu akasita, akatazama chini.

"Mwalimu, na yule... yule aliye kwenu shuleni, yumo?"

"Wakubwa wote wako shambani wiki hii, mama. Ndani nina wadogo tu."

Uongo ulinitoka laini kama uji.

Siku ya kwanza watoto walikuwa wameshaingia alipofika. Alikaa barazani kando ya mlango, akatupa mgongo kwetu, akaanza kupepeta. Shwa, shwa, shwa. Yule mkubwa aliangalia mara moja tu, akashusha kichwa mpaka kikakaribia magoti. Nilingoja. Nikaandika ubaoni, nikageuka mgongo, nikahesabu moyoni hadi ishirini. Kimya. Nikasema, "Tuendelee," na hakuna aliyenirudishia. Nilifundisha asubuhi ile kama sijawahi kufundisha. Niligundua kwamba wale arobaini na sita wengine hawakuwa watundu hata kidogo. Walikuwa tu na mwalimu wao, na mwalimu huyo hakuwa mimi. Kiongozi wao akikaa kimya, nao walikaa wakanisikiliza, na baadhi, nilishangaa kuona, walielewa.

Wakati wa mapumziko wenzake walitoka kucheza. Yeye alibaki ndani, kwa kuwa mlango ulikuwa mmoja na mama alikuwa pale. Hata haja alijizuia mpaka saa sita, mama alipojitwika ungo akaenda zake. Nilimwona akikimbilia nyuma ya shule, na nikacheka. Nimesema nitaeleza ukweli.

Jioni, jua halijazama, alikuja nyumbani kwangu. Alisimama mbali kidogo na mlango, mikono nyuma.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Una nini?"

"Nimekuja kwa ajili ya yule anayepepeta."

"Nani huyo?"

"Yule wa barazani, mwalimu."

"Barazani wanapita wengi. Mtaje jina nimjue."

Alinitazama. Katika utundu wake wote hakuwahi kunitazama vile. "Mwalimu anajua siwezi kumtaja."

"Basi mimi sijui unamsema nani."

Nilikuwa nimejitia hamnazo, na nakiri nilikuwa naona raha, kwa sababu kwa mwaka mzima na nusu yeye ndiye aliyenichezea shere. Kisha akasema kitu ambacho fimbo yangu haikuwahi kukitoa kinywani mwake.

"Nitatulia, mwalimu. Tangu kesho hutanisikia. Nitakaa mbele. Ila asikae pale mlangoni."

Ndani, mke wangu aliacha kusonga ugali. Hapo ndipo mtu mwenye akili angesema sawa, mwanangu, tumeelewana. Kitu chenyewe nilichokuwa nakitafuta, mtoto atake mwenyewe kutulia, kilikuwa kimesimama uani kwangu miguu peku, kinanibembeleza. Lakini nilikuwa nimeshaonja kimya cha siku moja, na mkaguzi alikuwa anakuja keshokutwa. Niliogopa kubadilisha ahadi ya mtundu kwa kitu nilichokiona kwa macho kinafanya kazi.

"Maharage yakiisha," nikamwambia, "ataondoka."

Aliaga akaenda. Mke wangu alitoka na mwiko mkononi. "Umesahau ulivyolala ndani ya mahindi ya mama yangu?" Nikamjibu kwamba haya ni mambo ya shule. Ugali wa jioni ile ulikuwa na madonge.

Siku ya pili ilikuwa kama ya kwanza. Mkubwa alikuja kabla ya wote, akakaa mbele kama alivyoahidi. Mama alifika baadaye, na ilikuwa kimya tangu asubuhi hadi saa sita. Sikumsifu.

Siku ya tatu mkaguzi alifika na gari lake, amefunikwa vumbi jekundu. Mama alipomwona alitaka kuinuka, lakini mkaguzi alimwashiria akae aendelee, akaniambia amependezwa kuona wazazi wakisaidia shule. Alikagua daftari la mahudhurio. Alizunguka mabenchi, akasimama katikati ya chumba, akasikiliza. Hakuna lililosikika ila ungo. Akasema, kwa Kiswahili chake kilichonyooka kama mstari wa rula, kwamba katika ziara yake yote hajaona darasa tulivu namna ile, na kwamba ataandika nipewe shule kubwa zaidi. Nilihisi shati likinibana kifuani.

Kisha akatoa karatasi ya darasa la nne. Walikuwa watano. Wa kwanza alishindwa na swali la kwanza, wa pili akajitahidi akaishia njiani. Ndipo akasoma jina la yule mkubwa, lote, la kwake na la baba yake, kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikika.

Ungo ulinyamaza.

Kijana alisimama. Kutoka nilipokuwa niliweza kumwona mama, ameketi juu ya makapi, ameuvuta upande wa kanga ukafunika kichwa chote na uso. Hakuweza kuondoka. Njia ya kutoka barazani ilipita mbele ya mlango, na mlango ulikuwa wazi.

"Gari linabeba magunia kumi na mawili kwa safari moja," mkaguzi alisema. "Yapo magunia mia moja na themanini. Safari ngapi?"

Kimya. Swali lile kwake lilikuwa ugali na maziwa. Nilimwona akiinama, akaandika kitu kwenye sleti.

"Nataka jibu la mdomo."

Kimya. Mkaguzi akarudia jina lake, akauliza swali la pili, la kuzunguka shamba kwa hatua, na la tatu, robo tatu ya themanini na nne. Alisubiri kwa haki kabisa, simlaumu. Akalisoma jina mara ya tatu. Kijana aliishika sleti kifuani, ameielekeza kwangu, siyo kwa mkaguzi. Kumi na tano. Mia moja sabini na mbili. Sitini na tatu. Yote yalikuwa sahihi, yameandikwa kwa mwandiko wake mbaya, na macho yake yalikuwa yamenikazia juu ya ukingo wa sleti, yananingoja.

Sentensi moja tu ilihitajika. Bwana, tazama sleti. Au, Bwana, tumpishe kwanza yule mama. Lakini angeniuliza kwa nini, na ningelazimika kueleza ni nani amekaa mlangoni, nani amemweka, na utulivu ule uliomfurahisha umetoka wapi. Na mama mwenyewe angesikia yote. Nilifungua mdomo. Nikasema:

"Huyu, Bwana, mara nyingine huwa mkaidi."

Mkaguzi akapiga mstari kwenye karatasi. Akaita jina linalofuata.

Kijana aliweka sleti juu ya benchi, taratibu, isivunjike. Alikwenda kwenye tundu la dirisha nyuma ya darasa la kwanza, akajipenyeza, fito mbili zikakatika, udongo ukamwagika sakafuni, akatoka. Mkaguzi alitikisa kichwa. Kesho yake babu alimtafuta kila mahali, na wiki ileile tukasikia ameonekana Tunduma na watu wa machimboni. Sikumwona tena maishani. Jembe la posa lilirudishwa mwaka uliofuata. Babu yake hakuja kuniuliza lolote. Tukikutana njiani alinisalimu vizuri, na hilo lilinisumbua kuliko kama angenitukana. Nami shule kubwa nilipewa kweli, na walimu vijana wakaletwa kwangu kujifunza namna ya kutuliza darasa.

Lakini kabla ya hayo kulikuwa na asubuhi iliyofuata ukaguzi. Nilifika mapema kuliko kengele nikamkuta yule mama amesimama uwanjani, debe miguuni. Lilikuwa debe la kwanza la ujira wake, alilokwisha kulichukua.

"Haya ni ya shule, mwalimu."

"Mama, hiyo ni kazi ya mikono yako."

"Uliniambia wako shambani." Hakupaza sauti. "Jana nimesikia akiitwa mara tatu, na mimi ndiye niliyemkaa kooni. Ningejua, ningekimbia mbele yake kichwa wazi, aibu iwe yangu. Mimi mzee, aibu ingenifanya nini? Lakini nilidhani mwalimu atasema neno."

Aliinama, akayamwaga maharage kwenye ngazi ya baraza, polepole hadi la mwisho, akajitwika debe tupu akaenda.

Watoto walipofika waliyaruka maharage yale, mmoja mmoja, wakaingia na kukaa bila kuambiwa. Sleti ilikuwa bado juu ya benchi la mbele na majibu yake matatu. Niliichukua. Mtoto mmoja wa darasa la tatu alikuwa ananyoosha mkono, kwa kuwa sleti yake ilikuwa ya kupasuka na hii ilikuwa nzima. Nikachukua kitambaa nikaifuta, nikampa.

Kisha nikageukia ubao, nikasema, "Tuendelee." Niliganda pale na chaki mkononi, nasikiliza benchi la nyuma.